Wiki Tatu Tu

Jumamosi, 19 Agosti

Siku nzuri, imeharibika saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye kiti changu mbele ya duka la Eufemio. Mgongo ukutani, kivuli kichwani, kete za dhumna mkononi, naongoza. Simu ikalia. Yanelis, binti yangu, anapiga kutoka Bronx. Ana mimba ya miezi minane na nusu. Hakunisalimia. Aliniuliza niliondoka New York lini.

Nikamjibu kwamba ni juzi juzi tu.

Akasema ni tarehe mosi Septemba mwaka jana, na kwamba niliaga nakuja Baní, mji wetu wa kuzaliwa huku kisiwani, wiki tatu tu, kuezeka paa la nyumba ya marehemu mama. Akanikumbusha kwamba mimi si raia wa kule. Ni mkaazi wa kudumu, mtu wa kadi ya kijani, na mtu wa kadi akikaa nje mwaka mzima, kadi peke yake haimrudishi tena. Hata ukipitisha miezi sita tu, wanaanza kukuhoji mlangoni. Akamaliza kwa kusema kama nataka kumwona mjukuu wangu kabla hajaota ndevu, nitafute tiketi leo.

Nikahesabu kwa vidole. Zimebaki siku kumi na tatu. Afueni! Nilidhani zimeshapita. Nikarudi mchezoni, nikapoteza raundi mbili mfululizo.

Niandike haki yangu hapa: sikukaa kwa uvivu. Paa lilichelewa kwa sababu ya fundi. Fundi alichelewa kwa sababu ya mvua. Halafu ikaja Krismasi, na nani mwenye akili huondoka Baní wakati wa Krismasi? Halafu Februari nikachaguliwa mwenyekiti wa Klabu ya Dhumna ya mtaa wetu wa Los Cajuiles, kura kumi na moja kwa tisa. Hizo tisa ni za Eufemio, aliyeng'ang'ania kiti miaka kumi na minne. Ushindi kama huo huwezi kuutupa ukapanda ndege. Paa la jikoni bado halijaezekwa.

Jumapili, 20 Agosti

Tiketi nimepata! Jumanne ijayo, tarehe 29. Siku tatu za akiba. Nimeshusha pumzi.

Nilimpigia mke wangu Nereida kule Bronx nikitarajia pongezi. Aliniambia majuto ni mjukuu. Nikamwambia mjukuu ndiye huyo ninayemfuata. Hakucheka. Nereida anafua mashuka ya hospitali mwaka wa kumi na saba sasa, na mzaha wangu huwa anaukamua kama shuka.

Amesema ananitumia karatasi: fomu za kodi ya mapato tunazojaza pamoja, mkataba wa nyumba, bima, barua ya pensheni yangu ya upakaji rangi. Nizichapishe, nizibebe mkononi. Mkononi, si kwenye sanduku. Alirudia neno "mkononi" mara tatu. Mtu wa miaka sitini na moja naambiwa kama mtoto anayetumwa chumvi.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimechapisha. Karatasi ishirini na mbili, na zote zimepooza! Hakuna muhuri wa nta, hakuna utepe, hakuna hata rangi. Hapa kwetu karatasi isiyo na mihuri mitatu hata mbwa haiheshimu. Ofisa gani atatishika na hesabu za mfuko wa pensheni?

Nahitaji kitu cha kuingia machoni. Nimewaza mchana kutwa. Saa kumi na moja jioni nikakipata.

Koti!

Ninalo koti la baridi, zito, la manyoya shingoni. Nililileta Septemba ili watu walione tu. Mtu mwenye koti kama lile ana nyumba penye theluji, na hapo hakuna wa kubisha. Nitashuka nalo mwilini.

Eufemio alipousikia mpango wangu aliwaambia wateja wake dukani kwamba nikivaa koti lile mwezi wa Agosti watadhani nimeficha mbuzi. Wivu tu. Karatasi nimeziacha juu ya meza ya dada yangu Ondina, zisinibebeshe uzito wa bure.

Jumatano, 23 Agosti

Habari imeenea kwamba nasafiri. Asubuhi nimefungua mlango nikakuta foleni. Kwetu msafiri haondoki mikono mitupu, na ukikataa mzigo wa mtu, watoto wako watasimuliwa. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimepokea jibini mbili za mtoto wa ubatizo wa fulani, chupa ya dawa ya chango, na kiatu kimoja cha Bi Cuca. Kimoja! Anataka mpwa wake kule anunue jozi ya kipimo hicho hicho. Nilimuuliza kwa nini asiandike namba. Akanijibu, "Namba za kule si namba za huku, baba, mguu ndio uleule." Nikakitia sandukuni.

Na Ondina anachemsha maziwa tangu alfajiri. Halua ya maziwa, ile ya kijiji cha Paya, vifurushi kwa vifurushi, kwa kila mtu wa Baní aliyeko Bronx. Amenifukuza jikoni. Amesema atafunga mwenyewe, mimi nina mikono ya kupakia rangi.

Sanduku: kilo thelathini na nane. Ruhusa: ishirini na tatu. Nimetoa suruali zangu zote. Bado. Nikatoa na viatu vyangu. Cha Bi Cuca kimebaki.

Yanelis kapiga tena. Amesema wakinipa karatasi ya kusema narudisha kadi kwa hiari yangu, nisisaini. Niseme nataka kuonana na jaji. "Usisaini, baba, umenielewa?" Nimemwelewa vizuri sana. Sisaini kitu.

Jumamosi, 26 Agosti

Hafla ya kuniaga klabuni. Hotuba tatu, mbili zangu.

Tatizo: nani atakaimu kiti? Kwa mujibu wa katiba ya klabu, makamu. Na makamu ni Eufemio. Katiba hiyo niliiandika mwenyewe mwezi wa Machi, vifungu tisa, na kila kimoja nilikitunga nikimfikiria yeye. Hiki cha makamu kiliniponyoka.

Basi nikafanya la kiume. Watu walipokuwa wanahangaikia sahani, nilichomoa kete ya sita-sita kutoka sanduku la klabu nikaitia kwenye mfuko wa koti. Bila sita-sita mchezo kwetu hauanzi. Acha akae kwenye kiti na kete ishirini na saba, atazame ukuta!

Wakati wa kuagana Eufemio alinipa zawadi, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, nzito kama tofali. Akasema ni ya klabu nzima, nisiifungue mpaka nifike, niifungue mbele ya familia. Akanikumbatia. Nikaona aibu kwa ajili ya ile kete. Aibu yenyewe ilidumu kama kumbatio lenyewe, si zaidi.

Jumanne, 29 Agosti

Dhoruba! Upepo, mvua, ndege zimefutwa zote. Nimekaa uwanjani nimevaa koti, watu wananipisha kwenye foleni wakidhani naumwa.

Akaja dada wa shirika la ndege na orodha. Kila abiria asaini apate kuponi ya chakula na kitanda. Nikamwambia sisaini. Akasema ni ya wali na kuku. Nikamwambia hivyo hivyo ndivyo wanavyoanza. Abiria wenzangu wakaenda kula. Nimekula halua mbili kati ya za watu, gizani kwa kuwa umeme umekatika, kwa huzuni kubwa, nikavirudisha vifurushi vikionekana havijaguswa.

Ndege nyingine: Alhamisi, tarehe 31. Siku ya mwisho kabisa! Nilimwarifu Nereida. Akaomba niirudie tarehe. Halafu akaniuliza karatasi zangu ziko mkononi? Nikasema ziko mahali salama. Kweli, ziko mezani kwa Ondina, na meza ile ni ya mahogani.

Alhamisi, 31 Agosti

Naandika jikoni kwangu, Bronx. Miguu ndani ya beseni la maji baridi.

Tulitua saa saba mchana. Nyuzi joto thelathini na tatu! Hakuna aliyeniambia kwamba New York nayo ina Agosti, nami nimeishi hapa miaka kumi na tisa. Kwenye foleni ya uhamiaji nilikuwa natiririka jasho. Ofisa wa kwanza akauliza nimekaa nje muda gani. Jibu nililiandaa tangu Baní.

"Wiki tatu," nikasema.

Akatazama kompyuta yake. Akanitazama mimi. Akatazama koti. Nikapelekwa chumba cha pembeni.

Humo nilimkuta ofisa mwanamke, beji yake imeandikwa Bencosme. Anazungumza Kihispania kama wa nyumbani. Akanisomea: siku mia tatu sitini na nne. Akaniuliza kama hizo ndizo wiki zangu tatu. Akauliza kwa nini nimevaa koti. Nikasema baridi. Nyuma yake dirishani, mfanyakazi wa uwanja alikuwa anajimwagia maji ya chupa kichwani.

Akasema nilivue. Akakagua mifuko. Akatoa kete ya sita-sita, akaiweka mezani. Akafungua sanduku. Akatoa kiatu cha Bi Cuca, akatafuta mwenzake, akakosa. Akanitazama muda mrefu zaidi. Halafu akatoa zawadi ya Eufemio.

Kibao cha mbao, shaba juu, herufi za kuchongwa. Akakisoma kwa sauti, polepole: "Kwa Mwenyekiti Persio Almonte, aliyerudi nyumbani moja kwa moja na kuapa mbele ya watu kwamba New York hatarudi tena."

Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi. Kwa sababu maneno hayo ni yangu! Niliyasema mwenyewe Februari, nimesimama juu ya kreti la bia, nilipokuwa napungukiwa kura mbili. Eufemio ameyatunza miezi sita, akayachonga shabani, akanibebesha mwenyewe, na mimi nikamkumbatia!

Akauliza nani aliapa. Nikasema mimi. Akavuta karatasi na kalamu. Nikaruka nikapaza sauti kwamba sisaini, namtaka jaji! Akasubiri nimalize. Akasema alitaka kuandika namba ya simu ya mke wangu.

Halafu akaniuliza lile swali. Nina uthibitisho gani kwamba hapa ndiko ninakoishi?

Mkono ukaenda kwenye begi dogo wenyewe. Miwani. Leso. Nusu ya mkate. Nikaiona ile meza ya Ondina mbele ya macho yangu kama naweza kuigusa. Mkononi, alisema Nereida, mara tatu. Nikakaa sakafuni kando ya sanduku. Nilimfikiria huyo mtoto ambaye hajazaliwa. Nikajiona namjua kwa kioo cha simu tu, anakua, anaulizwa babu yuko wapi, anaonyesha simu. Nikalia. Siandiki hili kwa fahari, ila nililia kwa sauti.

Nikamwambia kila kitu. Paa. Fundi. Mvua. Krismasi. Kiti chenye kivuli. Kwamba kile kiapo kilikuwa siasa tu, na siasa hata kule kwetu hakuna anayeiamini, ndiyo maana nilipata kumi na moja badala ya ishirini. Kwamba mke wangu yuko hapa, kitanda changu kiko hapa, brashi zangu ziko hapa chini ya sinki.

Akaniuliza kama nilishinda. Nikasema kwa kura mbili. Pembe moja ya mdomo wake ilicheza kidogo, basi.

Akasema lazima akague vyakula. Akachukua kifurushi cha halua, akakifungua. Akasita. Akaigeuza karatasi ya kufungia. Akafungua cha pili. Cha tatu. Akawa anazinyoosha kwa kiganja juu ya meza, moja baada ya nyingine, ukurasa wa kwanza kwa wa pili, vile tunavyopanga kete.

Ondina! Dada yangu wa damu! Alikosa karatasi za kufungia, akazikuta zile ishirini na mbili mezani, safi, za bure. Fomu ya kodi ya mwaka jana, jina langu na la Nereida, imelowa maziwa. Mkataba wa nyumba umezunguka halua ya nazi. Bima. Barua ya pensheni ilikuwa imegandana, ofisa akaibandua kwa ukucha. Karatasi zile zile zilizopooza. Sijapata kuona karatasi nzuri kama zile maishani mwangu.

Alisoma zote. Chumba kizima kilinukia sukari. Mwishoni akasema inaonekana makazi yangu ni hapa, ila nimeyachezea. Akasema nisijaribu tena kufikisha hata miezi sita, na nikiwa na sababu ya kukaa sana nje, kibali cha kurudi nchini huombwa kabla ya kuondoka, si baada. Akasema kompyuta haisahau, na safari ijayo huenda nikamkuta mtu mwingine, na mtu huyo akasoma kibao akaishia hapo. Akagonga muhuri.

Nilimkaribisha halua. Akakataa, hairuhusiwi. Akaongeza kwamba mama yake ni wa Moca, mji mwingine wa kisiwani kwetu, na siku zote husema watu wa Baní wanazidisha sukari.

Nje alikuwepo Nereida, na sare yake ya kazini. Kwanza alinipiga kwa mkoba, mara mbili. Halafu akanishika shingoni hakuniachia. Sikumbuki nani alikuwa analia zaidi. Afueni, afueni, afueni! Nimerudi kwetu. Nilipomwambia karatasi zilikuwa mkononi mwa ofisa akafurahi sana, nami sikuongeza kitu.

Jumapili, 3 Septemba

Amezaliwa! Saa tatu asubuhi. Msichana, kilo tatu na robo.

Nilichelewa kumwona kwa nusu saa. Mlangoni mwa wodi kuna daftari la wageni la kusaini. Nikakataa. Mlinzi akasema bila saini siingii. Nikasema basi aniitie jaji. Nereida akaja, akasaini jina langu na lake, akaniingiza kwa sikio.

Nimempakata. Amenishika kidole, kidole changu chenye doa la rangi ambalo halijatoka tangu mwaka juzi. Mpaka leo sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivi kitu kilichokwisha kupita. Ningekosa hiki kwa sababu ya kiti chenye kivuli. Nimemwahidi sikioni kwamba babu haendi tena popote. Yanelis amesikia, ameandika tarehe.

Nereida ameichukua kadi yangu "kuitunza".

Jumatano, 6 Septemba

Simu kutoka kwa Ondina. Ameniuliza halua ilifika salama. Nikasema ilifika, na imeniokoa. Amefurahi, anasema siri ni maziwa ya ng'ombe mmoja.

Halafu habari. Eufemio amenunua seti mpya ya dhumna. Nyeupe, nzito, zinalia vizuri mezani. Anacheza kila siku kwenye kiti changu. Mgongo ukutani! Na hilo si kitu. Amebandika tangazo dukani: uchaguzi tarehe 30. Anasema kwa kifungu cha nne, mwenyekiti akikaa nje ya mtaa mwezi mzima, amekiacha kiti kwa hiari yake.

Kifungu cha nne! Nilikiandika mimi, kwa ajili yake, kwa kuwa kila mwaka huenda kukaa kwa watoto wake Boston!

Nimekasirika mpaka chai imepoa. Dhuluma gani hii? Mtu atapotezaje mahali pake kwa sababu tu hayupo? Ametoka kidogo, ana shughuli zake, moyo wake uko palepale, na mtu anakaa na kuhesabu siku! Nimemweleza Nereida. Ameweka kijiko chini, akaenda kazini bila kuniaga.

Ijumaa, 8 Septemba

Mtoto hajambo. Ananenepa. Ananijua sasa, nikiimba anapiga chafya.

Nimefanya hesabu, safari hii kwa kalenda, si kwa vidole. Nikiondoka tarehe 25 nafika kabla mwezi haujatimia. Uchaguzi tarehe 30. Paa la jikoni siku chache, fundi ameapa. Ofisa alisema miezi sita. Mimi sitakaribia hata mmoja. Karatasi nitamwachia Ondina afunge halua tangu mwanzo, njia hiyo imeshathibitika. Koti naliacha. Mtu hujifunza.

Kadi iko kwenye friza, chini ya nyama ya nguruwe. Nereida anadhani sijui. Nimeipangusa barafu, inasomeka vizuri.

Jioni nimemwambia. Kwa upole, mtoto akiwa kifuani mwangu ili asinipige.

Wiki tatu tu.